Karatasi ya Tarehe Tisa: Kazi za Utawala, Utafiti na Mipango Mahakamani

Ndugu wanafunzi, walimu wenu, na wazazi mlioweza kufika: shikamooni nyote mnaostahili, na wengine hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya kazi za mahakamani. Kabla sijaingia ukumbini niliwauliza baadhi yenu mnazijua kazi gani za huko. Kila mmoja alinitajia hakimu na wakili. Kijana mmoja aliyekaa karibu na mlango akaongeza askari. Nimefanya kazi mahakamani karibu maisha yangu yote ya utu uzima, na sijawahi kuwa hakimu, wala wakili, wala askari. Leo nataka mzijue kazi za hao wengine: wanaopokea hati, wanaopanga tarehe, wanaotafuta jalada lililopotea, wanaohesabu mashauri, wanaokaa na ramani ya jengo na bajeti ya mwaka ujao. Siku za watu ziko mikononi mwao, na wengi wanaoingia mahakamani hawajui hivyo.

Nianze na karatasi moja.

Nilianza kazi nikiwa karani wa masijala. Palikuwa na mama mmoja mwenye shauri la mirathi. Alikuwa akija, anaketi kwenye benchi nje ya dirisha letu, anaitwa, anaingia, anatoka, kisha anarudi dirishani na karatasi iliyokunjwa mara nne. Anasema, "Mwanangu, niandikie tarehe." Hakujua kusoma vizuri, nyumbani kulikuwa na mjukuu wa kumsomea. Siku moja aliponipa karatasi ile niliifungua yote badala ya kuandika pale pembeni palipobaki. Nikaziona tarehe tisa. Zilikuwa zimeandikwa kwa wino wa rangi tofauti na kwa miandiko tofauti, kwa sababu mara nyingi alimkuta karani mwingine. Miandiko miwili ilikuwa yangu. Nilikuwa nimekwisha kumrudisha nyumbani mara mbili na sikumkumbuka.

Jioni ile nilitoa jalada lake nikasoma mwenendo mzima, tarehe kwa tarehe. Mara ya kwanza shahidi hakufika. Ya pili, shahidi hakufika. Ya tatu wakili wa upande wa pili alikuwa na shauri mahakama nyingine. Ya nne jalada halikuonekana, maana lilikuwa limepelekwa kunakiliwa na hakuna aliyeandika popote kwamba limetoka. Ya tano hakimu alikuwa mafunzoni, na mafunzo yale yalijulikana mwezi mzima kabla. Hivyo hivyo hadi ya tisa. Nilitafuta tarehe moja tu iliyoahirishwa kwa sababu sheria yenyewe ilikuwa ngumu, kwa sababu hakimu alihitaji muda wa kufikiri. Haikuwapo.

Halafu nikaona kilichoninyima usingizi. Nyuma ya hati ya wito ya yule shahidi palikuwa na sahihi yake ya kupokea. Alipokea tarehe 14. Shauri liliitwa tarehe 12. Mahakama ilikuwa imeandika katika kumbukumbu zake kwamba shahidi ameshindwa kufika, na mtu mwenyewe alikuwa bado hajaambiwa kwamba anaitwa.

Kisa chenyewe kilikuwa kidogo sana. Hati zilikuwa zinachapwa Ijumaa, na mpeleka hati alikuwa anatoka Jumanne. Zikigongwa muhuri baada ya yeye kuondoka, zilisubiri juma zima ndani ya kasha. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Ni kwamba hakuna aliyekuwa ameajiriwa kuitazama safari ya karatasi ile tangu inapochapwa hadi inapofika mkononi mwa mtu. Kazi ninazokuja kuwaeleza leo ni kazi za mtu huyo aliyekosekana.

Malalamiko haya ni ya kale. Mwaka 1215, mfalme wa Uingereza alipolazimishwa kukubali hati iitwayo Magna Carta, ibara ya 40 ilimfunga kwamba haki haitauzwa, haitanyimwa, wala haitacheleweshwa. Tazameni namna kuchelewesha kulivyowekwa pamoja na kuuza na kunyima. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa wa mwaka 1966, katika ibara ya 14, unampa kila anayeshtakiwa haki ya kusikilizwa bila ucheleweshaji usio na sababu. Ahadi hizo ni nzuri. Lakini ahadi haipangi tarehe. Lazima pawe na mtu wa kuipanga.

Wazo la kwamba uendeshaji wa mahakama ni taaluma inayojitegemea lilichelewa sana kuja. Agosti 1906, katika mji wa St. Paul, Minnesota, mwanasheria kijana wa miaka 35 aitwaye Roscoe Pound alisimama mbele ya chama cha mawakili wa Marekani akawaambia kwamba mahakama zao zimepangwa vibaya: ni nyingi mno, zinaingiliana mamlaka, na nguvu za majaji zinapotea bure. Wengi ukumbini walikasirika. Ilichukua zaidi ya miaka 30 hadi mwaka 1939 mahakama za shirikisho za nchi hiyo zikapata ofisi yao ya utawala, na ikapita tena miaka 30 hadi Jaji Mkuu Warren Burger alipoanza kudai hadharani kwamba mahakama zinahitaji watendaji waliosomea kazi hiyo. Chuo cha kuwafundisha kilianza mwaka 1970, na mwaka uliofuata kikaundwa kituo cha taifa cha mahakama za majimbo. Kwa hiyo taaluma hii, kama kazi yenye shule yake, ni changa kuliko baadhi ya wazazi waliomo humu. Mtakaoingia sasa mtakuta mengi bado hayajaamuliwa.

Sasa nije kwenye kazi zenyewe, nianze na ile niliyoifanya.

Masijala ndiyo moyo wa mahakama. Hapo shauri linapokelewa, linapewa namba, linafunguliwa jalada. Karani mzuri anajua kwamba namba moja iliyokosewa inaweza kulizika shauri. Ndani ya chumba cha kusikilizia yupo karani mwingine anayeita mashauri, anapokea vielelezo na kuviwekea alama, anahakikisha shahidi ameapishwa. Yupo anayeandika au kurekodi mwenendo. Yupo mkalimani, na kwa mtu asiyejua lugha ya mahakama, huyu ndiye masikio yake na mdomo wake. Siku hizi yupo pia mtu wa TEHAMA, kwa kuwa jalada limehamia kwenye kompyuta, na mfumo ukizima saa tatu asubuhi, mahakama nzima inasimama. Yupo mtunza nyaraka, anayejua ni jalada lipi litunzwe miaka mingapi na lipi lisiteketezwe kamwe. Kazi hii watu huidharau hadi siku ya rufaa, jalada la mahakama ya chini linapoitwa na halionekani.

Juu yao wapo msajili na mtendaji wa mahakama. Majina hutofautiana kutoka nchi moja hadi nyingine, lakini mgawanyo ni ule ule: msajili yuko karibu zaidi na mashauri yenyewe, mara nyingi akiwa mwanasheria, mtendaji anashika fedha, watu, majengo na ununuzi. Mtendaji akiifanya kazi yake vizuri, jaji anaingia asubuhi anakuta jalada mezani, karani yupo, mahabusu wameshaletwa, mkalimani amefika, na umeme upo. Hamtaisoma habari hiyo gazetini.

Kuna mpaka mmoja hapa ambao lazima mtu aujue kabla hajaomba kazi. Mtawala wa mahakama hagusi uamuzi. Anaweza kumwambia jaji kwamba ana mashauri 60 yaliyopitisha muda. Hawezi kumwambia aamue vipi hata moja. Mpaka huu una sehemu zilizojificha. Chukueni kazi ya kugawa mashauri, yaani kuamua shauri hili linakwenda kwa jaji gani. Inaonekana kama kazi ya kawaida ya ofisini. Lakini mwenye uwezo wa kuchagua jaji ana uwezo mkubwa juu ya hukumu. Wajerumani waliliona hili wakaliweka kwenye katiba yao ya mwaka 1949, ibara ya 101: mtu asiondolewe mbele ya jaji wake halali. Ndiyo maana mahakama zao hupanga mgawanyo wa kazi mapema kwa ajili ya mwaka mzima, na mpango huo hupitishwa na majaji wenyewe kupitia baraza lao. Shauri linapofika, jaji wake anajulikana tayari. Kwingine kompyuta hugawa kwa bahati nasibu. Njia yoyote itakayotumika, karani anayeombwa "alisogeze" jalada fulani kwa fulani ameombwa auze kitu ambacho si chake. Mtaombwa. Nawaambia mapema ili siku hiyo isiwakute mnafikiri.

Sasa utafiti. Hapa nitakaa kidogo, maana wengi wenu mnaopenda hesabu hamjui kwamba mahakama inawahitaji.

Swali linaloulizwa kila mahali ni hili: kwa nini mashauri yanachelewa? Na jibu linalotolewa kila mahali ni kwamba majaji ni wachache na mashauri ni mengi. Mwaka 1978, Thomas Church na wenzake walitoa utafiti uliolinganisha mahakama 21 za mijini nchini Marekani. Walikuta kwamba ukubwa wa mahakama na wingi wa mashauri kwa kila jaji havielezi vizuri kwa nini moja inakwenda haraka na nyingine inajikokota. Kilichoeleza zaidi ni mazoea ya watu wa pale: majaji na mawakili wa mji ule wamezoea shauri lichukue muda gani, na ahirisho wanalihesabu kama jambo zito au jambo la kuombwa tu na kupewa. Sisemi kwamba majaji hawahitajiki zaidi. Kuna nchi ambako upungufu ni wa kweli kabisa. Nchini India, ambako tangu mwaka 2015 takwimu za mashauri zimewekwa wazi kwenye mtandao kila mtu azione, mashauri yanayosubiri katika mahakama za wilaya na za chini yake yamepita milioni 40. Lakini ukiongeza majaji bila kugusa mazoea, unaongeza watu wa kuahirisha.

Utafiti mwingine ulifanyika Milano, Italia, katika mahakama ya kazi, ukachapishwa mwaka 2014 na wanauchumi Decio Coviello, Andrea Ichino na Nicola Persico. Mashauri pale yalikuwa yanagawiwa majaji bila kuchagua, kwa hiyo ulinganisho ulikuwa wa haki. Waliona kwamba jaji anayefungua mashauri mengi kwa wakati mmoja, akigusa hili leo na lile kesho, anachukua muda mrefu kumaliza kila moja kuliko yule anayefungua machache, anayamaliza, kisha anafungua mengine. Yeyote aliyewahi kupika sufuria sita kwenye moto mmoja anaelewa. Ila mahakamani jambo hili lilihitaji mtu akae na kumbukumbu za maelfu ya mashauri na kuonyesha, maana jaji mwenyewe anaona kinyume chake: kila mtu akipewa tarehe ya karibu ya kuanza, inaonekana wote wamehudumiwa.

Nina mfano mmoja ninaoupenda kuliko yote. Mwaka 2011 ulitoka utafiti uliosambaa dunia nzima. Watafiti walichukua maamuzi 1,112 ya majaji 8 wa Israeli waliokuwa wakisikiliza maombi ya wafungwa ya kuachiwa mapema. Walikuta kwamba mwanzo wa kikao maombi yapatayo asilimia 65 yalikubaliwa, kiwango kikashuka hadi karibu na sifuri, kisha kikapanda tena mara tu baada ya mapumziko ya chakula. Habari ikaenea: majaji wenye njaa hawana huruma. Bado mtaisikia ikisimuliwa hivyo.

Mwaka huo huo wakajibu watu wawili, Keren Weinshall-Margel na John Shapard, wote watu wa utafiti wa mahakama. Walifanya jambo ambalo watafiti wa kwanza hawakulifanya vya kutosha: waliuliza orodha ya siku inapangwaje. Wakaambiwa kwamba bodi inayosikiliza maombi hayo hujitahidi kumaliza wafungwa wa gereza moja kabla ya kupumzika, na kwamba ndani ya kila kundi, wafungwa wasio na mawakili kwa kawaida huja mwishoni. Na mfungwa asiye na wakili hufanikiwa mara chache kuliko aliye naye. Kwa hiyo wale waliokuwa wakikataliwa kabla ya chakula walikuwa na tatizo kubwa kuliko njaa ya jaji. Hawakuwa na wa kuwasemea.

Nataka mlitafakari hilo mkiwa mnafikiria mtasomea nini. Hesabu za wale wa kwanza hazikuwa za kubahatisha. Kilichokosekana ni ujuzi wa kitu ambacho karani yeyote wa mahakama ile angewaambia kwa dakika mbili: nani anaitwa lini, na kwa nini. Mtafiti wa mahakama ni mtu anayejua takwimu na anayejua pia foleni ya asubuhi inavyopangwa. Watu wa namna hiyo ni wachache sana.

Na msidhani lazima muwe na mvi. Mwaka 1961, huko Manhattan, New York, Vera, taasisi inayoshughulikia marekebisho ya mifumo ya haki, ilianza kuwatumia wanafunzi wa sheria kuwahoji watu waliokamatwa: unaishi wapi, tangu lini, una kazi, una ndugu gani hapa mjini? Walihakikisha majibu, wakampa kila mtu alama, na waliofikia kiwango wakapendekezwa kwa hakimu waachiwe bila kuweka fedha ya dhamana. Walioachiwa walirudi mahakamani, karibu wote. Mwaka 1966 Marekani ilibadili sheria yake ya shirikisho ya dhamana, na kazi ya wale vijana ilikuwa sehemu ya sababu. Miaka mingi baadaye, katika jiji hilo hilo la New York, watafiti waliangalia fomu ya wito wa makosa madogo na kukuta kwamba tarehe na mahali pa kufika havionekani upesi. Wakaipanga upya, tarehe na mahali vikawekwa juu. Wasiofika wakapungua kwa asilimia 13. Wengine walitumiwa ujumbe mfupi wa simu kuwakumbusha. Wasiofika wakapungua kwa asilimia 21. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Nilipoyasoma nilimkumbuka yule mama na karatasi yake. Tulikuwa tumemwachia yeye kazi ya kutunza tarehe zetu.

Upande wa mipango nitawaonyesha hesabu mbili ambazo mtu yeyote anayeingia kazi hii huzijua siku ya kwanza. Ya kwanza ni kiwango cha uondoshaji: mashauri yaliyomalizwa gawanya kwa yaliyofunguliwa, zidisha kwa mia. Tuseme mahakama imepokea mashauri 1,000 mwaka huu na imemaliza 950. Kiwango ni asilimia 95. Si kibaya kwa kukitazama, lakini 50 yameongezeka kwenye mlundikano. Ya pili ni muda wa kumaliza: mashauri yanayosubiri mwisho wa mwaka, gawanya kwa yaliyomalizwa mwaka huo, zidisha kwa 365. Tuseme yanayosubiri ni 1,900. Gawanya kwa 950 unapata 2. Zidisha kwa 365, ni siku 730. Maana yake, mahakama ikiendelea kwa kasi hii hii na isipokee shauri jipya hata moja, itahitaji miaka miwili kumaliza iliyo nayo. Tume ya Baraza la Ulaya inayoshughulikia ufanisi wa mahakama, iliyoundwa mwaka 2002, hulinganisha nchi kwa kutumia hesabu hizi.

Mpangaji hodari anazitumia, na anaziogopa. Mahakama inaweza kupata asilimia 105 kwa kumaliza mashauri mepesi yote yaliyoingia mwezi uliopita, huku lile la miaka 11 likiendelea kulala chini ya rundo. Namba inapendeza, na mwenye shauri la miaka 11 anazeeka. Ndiyo maana ninaiheshimu kazi iliyofanyika katika mahakama ya Torino, Italia, kuanzia mwaka 2001. Wakati ule Italia ilikuwa imehukumiwa mara nyingi katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kwa kuchelewesha, hadi bunge likapitisha mwaka huo huo sheria ya kuwalipa fidia waliocheleweshewa. Rais wa mahakama ya Torino, Mario Barbuto, alifanya jambo la kwanza ambalo mpangaji yeyote angelifanya: aliyahesabu mashauri kwa umri. Kila jalada likawekewa alama ya mwaka lilipoingia, ionekane wazi kwa nje. Kisha majaji wakapewa mwongozo wa kuanza na ya zamani zaidi. Hakuongezewa majaji kwa ajili ya hilo. Alama juu ya jalada ilimlazimisha kila anayelishika aone limesubiri kwa muda gani.

Mipango ni zaidi ya mashauri. Kuna majengo. Jengo la mahakama linalofaa lina njia tatu zisizokutana: ya majaji, ya umma, na ya walio chini ya ulinzi. Mpangaji akisahau, shahidi anayeogopa atapanda ngazi moja na mshtakiwa ambaye shahidi huyo anakwenda kutoa ushahidi dhidi yake. Nimeliona likitokea. Binti mmoja aliyekuja kutoa ushahidi aligeuka akashuka, na hakurudi. Katika kumbukumbu tuliandika kwamba shahidi hakufika. Jaji hakukosea siku ile, wala mwendesha mashtaka. Kosa lilifanyika miaka mingi nyuma, mezani kwa mtu aliyechora ngazi.

Kuna bajeti, ambayo ina ugumu wake, kwa sababu mahakama lazima iwe huru na wakati huo huo fedha zake zinapitishwa na wengine. Afisa mipango anakwenda mbele ya wenye fedha na kueleza kwa nini wanahitajika wakalimani sita zaidi. Hoja ya huruma haimfikishi mbali. Akionyesha ni siku ngapi za vikao zilipotea mwaka jana kwa kukosa mkalimani, watu wangapi walirudishwa rumande kwa sababu hiyo, na kila siku ya rumande inagharimu nini, anasikilizwa. Hapo ndipo karani, mtafiti na mpangaji wanakuwa mtu mmoja: karani asipoandika sababu ya kweli ya ahirisho, mtafiti hana cha kuhesabu, na mpangaji hana cha kuombea.

Mtasomea nini? Sheria inafaa, lakini si mlango pekee, na kwa kazi nyingi nilizozitaja si mlango bora. Takwimu, uchumi, utawala wa umma, uhasibu, usimamizi wa nyaraka, kompyuta, sosholojia, lugha na ukalimani, vyote vina nafasi. Mtu wa takwimu atalazimika kujifunza taratibu za kuendesha mashauri ya madai na ya jinai. Asipojua tofauti ya kutajwa, yaani shauri kuitwa ili lipangiwe hatua inayofuata, na kusikilizwa atahesabu vitu viwili kama kimoja. Mwanasheria naye atalazimika kujifunza kusoma jedwali. Wengi huingia kama makarani na kupanda huku wakisoma. Mimi ni mmoja wao, na sijutii miaka ya dirishani, kwa sababu kila ripoti niliyoandika baadaye niliiandika nikiwa namwona mtu upande wa pili wa kioo.

Siwafichi ugumu. Mtasoma majalada ya mambo mazito, ya watoto waliodhuriwa, na hamtaruhusiwa kwenda kuyasimulia nyumbani. Mtaandaa ripoti nzuri na itakaa kabatini. Mtapendekeza jambo dogo, kama nilivyopendekeza mimi kwamba hati zichapwe Jumatatu ili zitoke Jumanne, na mtajibiwa kwamba hapa siku zote tumechapa Ijumaa. Mimi ilinichukua miezi. Nilikuwa nakwenda kwa msajili na hati moja moja, naonyesha tarehe ya kuitwa na tarehe ya kupokelewa. Sikulalamika, niliziweka mezani tu. Siku moja akaniuliza, "Zipo ngapi za namna hii?" Nikamwambia nimezileta zote. Ziko kwenye kasha lile kule mlangoni. Alinyamaza, akaita mkuu wa masijala.

Sasa ombi langu kwenu. Vikao vingi vya mahakama ni vya wazi. Mtu yeyote mwenye adabu huruhusiwa kuketi nyuma na kusikiliza. Likizo ikifika, nendeni asubuhi moja na daftari. Zimeni simu. Msiandike hoja za mawakili, hizo zitawavuta lakini ziacheni. Chora mistari mitano. Wa kwanza: kikao kilipangwa kuanza saa ngapi. Wa pili: kilianza saa ngapi. Wa tatu: mashauri mangapi yameitwa. Wa nne: mangapi yamesikilizwa kweli. Wa tano uwe mpana: kila lililoahirishwa, andika sababu kwa maneno yale yale yaliyotamkwa. Usiifupishe. Ukimaliza, tazama watu wanaotoka na tarehe mpya, uone wanaziandika wapi.

Mwalimu wenu amekubali kuzipokea daftari hizo, nami nitarudi muhula ujao tuzisome pamoja, mstari kwa mstari.